Kaburi Lenye Kanso Mbili

Kila Jumanne, saa nne asubuhi, trekta ilipanda kilima cha Kwa Ndunda ikivuta taka za kanso ya mjini, yaani halmashauri ya mji: maganda ya ndizi, majivu, chupa, nepi. Ijumaa ilipanda trekta ile ile, dereva yule yule, ila taka zilikuwa za kanso jirani, ile ya upande wa juu. Ndivyo mkataba wa 1998 ulivyosema: trekta moja, shimo moja, kazi nusu kwa nusu. Watu walisema hizi kanso mbili hazijawahi kusikizana namna hii, na ilikuwa kweli.

Shimo lilichimbwa mpakani, na hapo mpakani ndipo alipozikwa Nthambi, mama yake Mwelu, kabla wapimaji wa ardhi hawajapita na mawe yao ya mpaka. Kichwa kililala upande wa juu, miguu upande wa mjini. Mkataba ulitaka kaburi lihamishwe kwanza. Kila kanso ilielewa kwamba hiyo ni kazi ya mwenzake.

Jumanne ya tatu, jua likitua, Nthambi alikuja nyumbani. Mwelu alikuwa mlangoni akimenya viazi, mtoto mgongoni. Alimwona mama yake akipanda kijia polepole, kama mtu anayetoka kisimani, majani chai yamemjaa nyweleni na mfuko wa nailoni umemnasa shingoni. Mwelu alimsogezea kigoda, akaingia kutafuta karai.

"Mwaitu, wamekumwagia," alisema aliporudi. Hivyo ndivyo Mkamba anavyomwita mama yake.

"Wamemwaga. Nioshe kwanza, ndio nimshike mtoto."

Mwelu alimwosha. Maji ya kwanza yalitoka meusi, ya pili ya kahawia, ya tatu yakabaki hivyo hivyo. Kisha Nthambi alimpakata mjukuu. Mtoto alikuwa na miezi tisa, na kama ilivyo desturi alipewa jina la nyanya yake; kwa hivyo naye aliitwa Nthambi, na Mwelu akimbembeleza alimwita mwaitu vile vile. Marehemu alimtazama kwa muda mrefu. Akasema, bila haraka, kwamba jina ni ukuta mmoja wa nyumba mbili: huku kukilowa, kule kunaota ukungu.

Asubuhi yake mtoto aliamka na kizibo cha soda ngumini. Jumamosi aliamka na majivu kwenye nyusi. Wiki iliyofuata alianza kukohoa, na usiku mmoja alikohoa uzi wa nailoni ya buluu, mrefu kama kidole. Daktari wa zahanati alimsikiliza kifua, akaandika kwenye kadi: taka. Akasema dawa ya hiyo haiko zahanati, iko kwa kanso.

Mwelu alimfunga mtoto mgongoni, akashuka mjini. Karani, Festus, alimpa kiti na kumhurumia kwa dhati, maana naye alikuwa na mtoto wa umri huo. Akatandaza ramani mezani.

"Mama Nthambi, ona mwenyewe. Kwetu ni miguu tu. Kaburi inahesabiwa na kichwa."

Mwelu akapanda hadi kanso ya juu. Karani wa huko, Nzilani, alimkaribisha chai na kutandaza ramani ile ile.

"Sisi tunahesabu na miguu, mama," alisema. "Maiti akitembea, si anatembea na miguu? Na huyu wako nasikia anatembea."

Mwelu alizunguka hivyo mara tano. Mwishowe makarani wote wawili walikuja kilimani pamoja, Jumanne jioni, wakaketi kwenye benchi la Mwelu na daftari moja. Nthambi alipofika, akidondosha maji ya mboga zilizooza, aliwasalimu kwa mkono. Alimuuliza Festus kama ule wali wa Jumapili uliungua sana, maana ukoko wote aliupata kifuani. Festus alikubali, uliungua. Nzilani alimwambia kwamba zile picha za harusi ambazo karani huyo alizichana na kuzitupa, yeye ameziunganisha, hakuna kipande kilichopotea. Nzilani aliinamia daftari.

"Sasa unataka nini, mama?" Festus aliuliza.

"Nihamishwe. Mtoto apumue."

Walijadiliana hapo hapo, kwa heshima, mtoto akikohoa. Hakuna aliyepandisha sauti. Shimo lilikuwa na nafasi ya miaka kumi na miwili zaidi. Waliandika kwamba kaburi ni mali ya kanso zote mbili, hivyo hakuna moja inayoweza kulihamisha peke yake; na kulihamisha kwa pamoja, mkataba haukutaja. Hata hivyo, kwa kuwa mama huyu anahitaji kuoshwa, kanso zitamsaidia kwa mche mmoja wa sabuni kila wiki, nusu kutoka kila upande.

Sabuni haijawahi kuchelewa. Huletwa Jumatatu na matarishi wawili, na ukiziunganisha zile nusu mbili huoni mahali zilipokatwa. Mwelu bado anaandika barua, kwa mwandiko mzuri, na anaamini ya mwaka huu itasomwa.

Mtoto sasa anatembea. Jioni anakuja mwenyewe, anasimama kando ya nyanya yake, majivu nyweleni, anangoja. Mwelu anapaka povu mkononi.

"Mwaitu, fumba macho," anasema, na wote wawili wanafumba.