Udongo wa Kwanza

Ujumbe wa Werema uliingia alfajiri: "Napanda ndege sasa. Johannesburg, kisha Nairobi, kisha Sirari."

Baba mdogo Mwikwabe aliposomewa, alisema, "Basi chimbeni." Mkwe wake akipanda ndege Mwanza, chai anainywa Dar es Salaam. Akadhani na kutoka Perth, Australia, aliko Werema, ni hivyohivyo.

Jua lilipokuwa limepanda, kaburi la mama yake Werema lilikuwa tayari nyuma ya nyumba. Ndipo Boke, mdogo wake Werema, alipotafuta kwenye simu. Kati ya uwanja wa Perth na ule wa Johannesburg kuna zaidi ya kilomita elfu nane, karibu zote maji. Ndege hiyo ya kwanza peke yake ingemaliza mchana mzima.

"Baba mdogo, kaka hafiki leo."

"Si amepanda?"

"Amepanda. Yuko juu ya bahari."

"Bahari gani hiyo isiyoisha?"

Kwao kaburi likishachimbwa halilali wazi, litaita mwingine. Kulifukia tupu ni vibaya zaidi. Na udongo wa kwanza hutupwa na mtoto wa kwanza wa kiume. Werema alikuwa hajaiona nyumba hii tangu migodi ya Australia imchukue, na kwenye simu, kabla ya kupanda, alilia neno moja tu: mnisubiri.

Boke akawa anazunguka. Jikoni, kaburini, barabarani, kaburini tena. Safari moja akamkuta Mogesi, kiongozi wa vijana waliochimba, ameshika jiwe jeupe, analilamba kuliondoa vumbi kama wafanyavyo wachimba dhahabu.

"Dada, hili lina dhahabu. Mwamba unaingia huku ubavuni."

"Toka humo!"

"Naangalia tu."

"Nenda ukaangalie kwa mama yako! Wangu hajalala, wewe unalamba kitanda chake!"

Lakini habari ilishatoka. Vijana walianza kuja na viroba vitupu vya kubebea mawe, wanajifanya wamekuja kutoa pole. Mwikwabe akawatazama, akalitazama jua.

"Tunazika," alisema. "Udongo wa kwanza nitatupa mimi."

Jeneza lilikuwa limeshateremshwa simu ya Boke ilipolia, akaifungulia spika.

"Nimetua Johannesburg," Werema alisema, anahema. "Niambie mnanisubiri."

Boke alitaka kudanganya. "Hatuwezi, kaka. Mama yuko chini tayari."

Nyuma ya Werema sauti ya mwanamke ilikuwa ikitangaza ndege za watu wengine.

"Chota wewe," Werema alisema. "Kwa mkono wangu."

"Mwanamke hatupi wa kwanza," Mwikwabe alisema.

"Basi kauchukue mkono wake huko uliko, baba mdogo!"

Boke alichota, akatupa, akaiinamisha simu shimoni ili kaka asikie udongo ukigonga mbao. Alipoiinua, Werema alikuwa akilia kwa sauti, kama mtu aliye peke yake chumbani.

"Wanaita ndege ya Nairobi," alisema. "Boke, nipande ya nini sasa? Nije kufanya nini?"

Mwikwabe alimpokonya Boke simu, akaishika mbali na uso, akapiga kelele kama anayemwita mtu ng'ambo ya mto.

"Panda! Nywele za kumaliza matanga hatunyoi mpaka ufike! Unasikia? Hapa hanyolewi mtu! Panda!"