Birika Lililorudi kwa Bi Nyundo

Shangazi yangu alipata umaarufu kwa kuliua birika hadharani. Birika lenyewe alilinunua mwenyewe dukani, kwa hiyo haki ya kuliua alikuwa nayo.

Enzi hizo alikuwa na utaratibu mmoja usiovunjwa. Kila kifaa cha nyumbani, kiwe pasi, blenda au feni, alikitumia siku kumi na nne kabla ya kufungua mdomo mbele ya simu. Kila kituko alikiandika katika daftari la shule lenye jalada la bluu. Siku ya kumi na tano alirekodi video, akatoa hukumu, kisha akakipindua kifaa na kuandika maksi zake kwenye kitako kwa kalamu nene nyeusi. Birika lile la umeme lilipata mbili kwa kumi, kwa sababu maji yakichemka mfuniko uliruka kama chura aliyekanyagwa.

"Kitupwe!" alisema Shangazi, na watu laki tatu wakatazama. Wakambatiza Bi Nyundo.

Huko bwenini nilitembea kifua mbele. Nikiwa kidato cha kwanza, kutamka tu kwamba Bi Nyundo ni shangazi yangu kulitosha kupewa kitanda cha chini, karibu na dirisha.

Nilipofika kidato cha tatu mambo yalikuwa yamegeuka. Kampuni zilianza kumletea vifaa vya bure, boksi likaleta boksi, sebule ikawa ghala. Daftari la bluu lilipewa kazi ya kuzuia mlango wa stoo usijifunge. Kifaa kilifunguliwa asubuhi na kusifiwa mchana. Pasi ilikuwa laini kama usingizi, feni ilikuwa upepo wa peponi. Lakini watazamaji si wajinga. Chini ya video wakaanza kumwita Bi Asali. Mmoja aliandika: "Huyu hata ukimpa jiwe atasema linachemka haraka."

Bwenini nilihamishiwa kitanda cha juu, chini ya dari inayovuja.

Kwa hiyo likizo hii nilikwenda kwake nikiwa na nia njema kabisa, kama walivyo waharibifu wote.

Birika la zamani lilikuwa bado stoo. Pamoja na kelele zake zote za "Kitupwe", Shangazi hajawahi kutupa kitu. Nililisugua kwa majivu na ndimu mpaka likang'aa kama upara wa mwalimu wetu wa zamu. Maksi za kitakoni hazikufutika, nikazifunika kwa stika ya dhahabu niliyoibandua kwenye blenda. Kisha nikalitia katika boksi la birika jingine, nikalifunga kwa selotepu, na kuliweka juu ya rundo la maboksi mapya. Nilichotaka ni kimoja: alitumie, hata kwa kikombe kimoja cha chai. Angelitambua, tungecheka, na daftari lingetoka mlangoni.

Sikujua kwamba siku ile alipanga kwenda hewani mubashara.

"Wewe mtoto, simamisha simu vizuri. Leo tunaenda moja kwa moja."

"Shangazi, si ungelijaribu kwanza?"

"Birika? Tangu lini birika likafanya mtihani wa taifa?"

"Hata kikombe kimoja tu cha chai..."

"Mbona umekuwa mtu wa chai ghafla? Simamisha simu."

Hapo ndipo ningesema. Badala yake nikasimamisha simu. Shangazi alikuwa anaangalia idadi ya waliokuwa wakisubiri: mia nne. Zamani walikuwa elfu kumi. Akajipaka poda puani na kusema taratibu, si kwa ajili yangu, "Hawa nao wakiondoka, nitabaki naongea na ukuta."

Kisha akatabasamu, tukaanza.

"Wapenzi watazamaji! Oneni mng'aro huu. Na mfuniko, jamani, umetulia kama hakimu!"

Maoni yakaanza kupanda kwenye kioo. "Bi Asali yuko kazini." "Chemsha maji tuone." "Chemsha!" "Chemsha!"

"Mnadhani naogopa?" Akajaza maji, akabonyeza swichi, na kuendelea kulisifia. Birika likanguruma. Likatetemeka. Mfuniko ukaruka juu, ukagonga taa, ukatua ndani ya kikapu cha nguo za kupigwa pasi.

Shangazi alichomoa waya kwanza, maana fani bado alikuwa nayo. Akamwaga maji kwenye ndoo, akalipindua birika. Stika ya dhahabu, imelowa mvuke, ilining'inia kama ulimi wa mbwa, halafu ikadondoka.

Mbili kwa kumi. Kitupwe. Mwandiko wake mwenyewe.

Aliinua macho akanitazama juu ya simu. Alijua. Angesema tu, "Mtoto wa kaka yangu kanichezea," na wote wangemwonea huruma. Nilianza kuandaa uso wa majuto.

"Niletee daftari la bluu," alisema.

Nililichomoa, na mlango wa stoo ukajifunga puu! Shangazi akapuliza vumbi na kusoma kwa sauti mbele ya watu wote.

"Siku ya tatu: mfuniko umeruka, umemkosa paka kidogo. Siku ya tisa: paka amehama." Akafunga daftari. "Aliyeandika haya alikuwa anajua kazi yake. Huyu aliyelisifia sasa hivi hakuwa amechemsha hata tone."

Akachukua kalamu nene, akaandika mgongoni mwa mkono wake: 2/10. Akausogeza karibu na simu mpaka kila mtu asome.

"Leo ni siku ya kwanza. Rudini siku ya kumi na tano."

Akazima.

"Sasa wewe. Stika umeitoa wapi?"

"Kwenye blenda, Shangazi."

"Umeibandika upande. Kazi mbovu."

Hukumu yangu ilikuwa kupika chai ya nyumba nzima kwa birika lile, siku kumi na nne, mkono mmoja ukikandamiza mfuniko kwa kitambaa, mwingine ukiandika daftarini. Maboksi yalikoma kuja, na mimi nikagundua kwamba sofa lake ni la kijani. Kwenye maoni wengine waliandika "Nyundo imerudi!", wengine "Hiyo ni kiki tu ya kutafuta watazamaji."

"Hao wa kiki waache," alisema Shangazi. "Wananijaribu kwanza. Ndiyo utaratibu."

Siku ya kumi na tano walirudi elfu moja na mia mbili. Aliwahesabu mara mbili, kisha akapiga chafya ili nisione macho yake.

Niliporudi bwenini nililipindua sanduku langu la bati ili nikung'ute makombo. Kwenye kitako, kwa kalamu nene nyeusi, palikuwa pameandikwa:

6/10. Mfuniko unaruka. Asitupwe.