Jina Katikati ya Gitaa

Jumamosi saa nne asubuhi, Jeannine alikuwa amesuka nusu ya kichwa cha mteja katika saluni yake ya Bellevue, mtaa wa Johannesburg, redio ilipomtaja. Aliyekuwa akiimba ni Clive Penrow, Mwingereza wa roki aliyejaza viwanja kwa miaka hamsini na ambaye baada ya wiki tatu angetumbuiza jijini humo. Katikati ya gitaa alisema, kwa matamshi safi ya Lubumbashi, kwao Jeannine kule Kongo: "Jeannine Kalenga wa Bellevue."

Mteja akaomba asikazwe sana karibu na sikio.

Hakuna aliyeuliza jina hilo lilivyoingia katika wimbo uliorekodiwa kabla Jeannine hajazaliwa. Wakongo wanaujua muziki: mwanamuziki hataji jina la mtu bure. Ukitajwa, kuna aliyetoa kitu, pesa au mapenzi. Kilichobaki ni kujua nani katoa nini, na kufikia adhuhuri mtaa mzima ulishajipa jibu.

Mumewe Octave, mlinzi, alilisikia jina akiwa kazini getini, mtaa wa Turffontein, kwenye redio ya gari lililokuwa likiingia. Alirudi nyumbani, akavua buti, akauliza.

"Uyu muzungu, unamujuaka wapi?"

"Simujue, Octave. Ile wimbo, mama njo alikuwa anaimbaka wakati ya kufula manguo ku otele."

Octave aliona jibu hilo ni refu mno kwa mtu asiye na hatia. Alikagua simu, mkoba, hata kopo la mafuta ya nywele. Alikwenda kwa Tumu, Mtanzania mwenye spaza, duka dogo la jirani, aliyekuwa na kaseti ya Penrow tangu aliposoma Tanga. Jina lilikuwamo. Tumu alisema zamani halikuwamo, au labda hakusikiliza vizuri. Kwa Octave hiyo ilimaanisha kwamba uhusiano ulianza kitambo. Alihamishia mto wake kwenye kochi, akatangaza kuwa onyesho likipita atamrudisha Jeannine kwa kaka zake, watoto watabaki. Jeannine alilia kwa hasira, kisha akafungua saluni.

Siku ya onyesho, kampuni yake ya ulinzi ilimpanga Octave kwenye mlango wa chumba cha Penrow, nyuma ya jukwaa. Saa tisa alasiri mzee mwembamba alitokea na kikombe cha chai. Octave akamuuliza, kwa Kiingereza chake cha getini, nani alimlipa amtaje Jeannine.

Penrow hakushangaa. Alisema tangu atimize miaka sabini majina ya watu hutoka yenyewe katika nyimbo zake, hata kwenye rekodi za zamani, na mashabiki wanayapenda. Rekodi zimeanza kuuzwa upya. Alipokuwa kijana alipita Lubumbashi, akamrekodi kutoka dirishani mfuaji wa hoteli akiimba wimbo huo. Octave alipomwambia kwamba huyo ndiye mama wa Jeannine, alikiri hakumuuliza jina. Labda ndiyo maana hutoka la binti.

Octave akataka kujua nyimbo alizotunga Penrow mwenyewe ni zipi. Penrow alifikiri mpaka chai ikapoa, kisha akaitwa jukwaani kujaribu vyombo. Kwenye bango la mlangoni nyimbo zote ziliandikwa kuwa zake, na onyesho la pili lilikuwa limeongezwa.

Octave alifika nyumbani akaurudisha mto kitandani.

"Njo vile," alimwambia mkewe. "Muzungu mwenyewe ameniambia."

"Miye nilikuambia siku ya kwanza."

Octave akamweleza, kwa upole kabisa, kwamba mtu maarufu kama yule hawezi kudanganya. Kisha akauliza chakula kiko wapi.