Mkia Upo

Jovita Archuleta alilifunga begi lake, akaliangalia, akalifungua tena. Lilikuwa limevimba kama ng'ombe aliyevamia shamba la majani mabichi. Ndani mlikuwa na shati la njano lisiloshika moto, jipya kiasi cha kumtia mtu aibu, suruali mbili za kijani, glavu za ngozi, taa ya kichwa, chupa za maji, na vitu vingine chungu nzima ambavyo hakuna aliyemwambia avichukue. Buti zilikuwa miguuni. Wiki nzima alikuwa akiingia nazo mferejini, kisha anatembea nazo mpaka zimkaukie mguuni zichukue umbo lake, na wiki nzima majirani walikuwa wakimcheka kwa mwendo wake wa bata.

Kesho asubuhi alitakiwa kambini, kwenye kikosi cha kuzima moto wa msituni. Ulikuwa msimu wake wa kwanza.

Pale kijijini Ojo Hondo kazi ya moto ni ya kurithiana. Hakuna nyumba isiyo na mtu aliyewahi kupanda milima ya New Mexico na jembe-shoka begani. Na ipo desturi ambayo hakuna aliyeiandika wala aliyethubutu kuivunja: anayekwenda msimu wa kwanza hufunga begi lake mwenyewe, kisha mkongwe wa moto wa nyumba yake hulimwaga lote mezani, mbele ya watu. Huchambua, hutupa visivyofaa, humcheka mwenye begi mpaka machozi yamtoke, halafu hulifunga upya kwa mikono yake. Begi ambalo halijamwagwa halitoki nyumbani.

Mkongwe wa nyumba ile alikuwa Eloy, baba yake Jovita. Naye Eloy alikuwa nyuma ya nyumba anapasua kuni tangu waliporudi misani. Hakuwa amemkataza binti yake. Tangu siku ile ya baridi Jovita aliposema amejiandikisha, baba yake hakutamka hata neno moja juu ya jambo hilo, na ukimya wake ulikuwa mzito kuliko matusi.

Jovita alikuwa ameapa moyoni: baba asipolimwaga begi hili, siendi. Hakumwambia mtu. Lakini kiapo ni kiapo, na jua lilikuwa likizidi kuinama.

Jikoni, Mzee Casimiro alikuwa ameshamaliza bakuli la pili la maharage na pilipili za kijani. Huyu ndiye aliyekuwa mkuu wa kikosi cha kijiji enzi za baba yake Jovita. Sasa magoti yalikuwa yamemstaafisha, ila mdomo bado.

"Lete hilo begi nilimwage mimi," alisema. "Nusu ya mabegi ya kijiji hiki yamepita mikononi mwangu."

"Wewe si wa nyumba hii, Casimiro," alisema Ofelia, mama yake Jovita, akimwongezea tortila, chapati za mahindi. "Ingawa kwa kula, mtu angeapa umezaliwa humu."

"Basi mwite mumeo. Kuni zote hizo za nini na huu ni mwezi wa tano? Anataka kuichoma Krismasi?"

"Mwache. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka."

"Na mwana akililia wembe, mpe," alisema Casimiro. Akamgeukia Jovita. "Unajua baba yako alikuwa nani kwangu? Alikuwa mkia. Kikosi kinatembea mstari mmoja, sivyo? Moshi umejaa, wa mbele hawezi kumwona wa nyuma. Basi yule wa mwisho kabisa, kila baada ya mwendo, anapaza sauti: 'Mkia upo!' Maana yake, hakuna aliyeachwa. Na wa mbele anaitika: 'Nimesikia!' Anasonga. Hageuki nyuma, mwanangu. Wa mbele akigeuka, wote wanasimama. Ukiwa na mkia kama Eloy, huna haja ya kugeuka."

"Kwa nini aliacha, mzee?"

Casimiro alijitia kutafuta pilipili kwenye bakuli tupu. "Hilo kamuulize mwenyewe."

Jambo ambalo Jovita alilijua ni lile alilolijua kila mtu. Alikuwa na miaka minane mlima wa juu ya kijiji ulipowaka. Wanawake na watoto walikusanyika kwenye ua wa kanisa, na yeye alisimama juu ya ukuta akaona moto ukipanda mteremko, miti mizima ikishika kwa mkupuo mmoja, kwa ngurumo iliyotikisa madirisha. Watoto wengine walilia. Yeye alisahau hata kupumua. Hakuwa amewahi kuona kitu kikubwa namna ile, na watu wadogo namna ile wakienda kukikabili. Jioni wanaume walishuka, weusi kama makaa, bila Melki, binamu mdogo wa baba yake. Na tangu siku ile Eloy hakukanyaga tena mlimani.

Jovita alisimama. Alilikumbatia begi, akatoka nalo mlango wa nyuma, akalitua juu ya gogo ambalo baba yake alikuwa akipasulia kuni, pale pale shoka lilipotakiwa kushuka.

Eloy alibaki na shoka hewani. Akalishusha polepole. Aliliangalia begi kwa muda, upande huu na upande ule, kama mtu anayemtazama farasi asiyemwamini. Kisha mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kimfuko cha chini, kile cha nyuma ya kiuno. Kilikuwa kitupu.

"Hema liko wapi?"

Kila mzima moto hupewa hema moja dogo la karatasi ya rangi ya fedha, likikunjwa halizidi mkate. Si la kulalia. Ni la kujifunika, umelala chini, moto unapokuzingira na huna tena pa kukimbilia. Likifunguliwa, mambo yote mengine yameshindikana.

"Lipo ndani, baba."

"Ndani wapi?"

"Chini kabisa. Chini ya soksi." Sauti yake ilififia. "Nililificha. Sikutaka ulione."

Eloy alitupa shoka pembeni, akalikamata begi kwa mikono miwili, akaligeuza kichwa chini miguu juu. Kila kitu kikamwagika juu ya vibanzi vya kuni.

"Ofelia!" Casimiro alipiga yowe kutoka dirishani. "Analimwaga! Njoo uone, analimwaga chini kama kuku wanalishwa!"

Walitoka mbio wote wawili, hata Casimiro na magoti yake mabovu. Eloy alikuwa amepiga goti kwenye vibanzi, anachambua. Aliinua suruali ya mazoezi ya kubana kwa vidole viwili.

"Hii nini?"

"Ya kuvaa ndani. Asubuhi kuna baridi."

"Hii ni plastiki. Ikipata joto itayeyuka ikushike ngozi kama jibini kwenye tortila. Pamba na sufu tu. Ofelia, yupo mbuzi anayeweza kula hii?"

"Mbuzi wetu wana adabu," alisema Ofelia.

Alitupa mto. Alitupa mafuta ya nywele, na Casimiro akayaokota, ingawa nywele za kupaka hana. Alitupa makopo ya pichi. "Umebeba duka?" Alitupa koti moja kati ya mawili. Kwenye soksi ya sufu alikuta medali ndogo ya Mtakatifu Lorenzo, akamtazama mkewe.

"Ni msimamizi wa wazima moto," Ofelia alijitetea.

"Msimamizi gani," alisema Casimiro, "na yeye mwenyewe walimchoma kwenye wavu wakamgeuza kama mbavu za kondoo?"

"Ndiyo maana anaujua moto!"

Hata Eloy alicheka. Kicheko kilitoka kwa shida, kama mlango ambao haujafunguliwa muda mrefu. Akairudisha medali ndani ya soksi, mahali pake. Jovita alicheka huku machozi yakimtoka, na hakujua ni ya lipi.

Kisha baba yake aliokota hema. Alilipangusa vumbi la mbao, akalisukuma kwenye kimfuko cha chini, akarudisha vilivyobaki, akafunga begi, akamvisha Jovita shati la njano, kisha begi.

"Livute bila kuvua begi."

Mkono wa Jovita ulipapasa kiunoni, ukakosa, ukapata.

"Tena."

Akalivuta.

"Tena. Fumba macho."

Alimfanya arudie mpaka mkono ukaacha kupapasa. Casimiro alikuwa ameacha mzaha, kofia ameishika kifuani. Mwisho Eloy akalivua begi mgongoni kwa binti yake, akalivaa yeye, akakaza mikanda. Akafungua lango la nyuma, akaruka mfereji, akashika njia ya mlimani.

"Eloy?" Ofelia aliita.

Eloy aliendelea kupanda. Ofelia alimsukuma Jovita begani. "Nenda! Unangoja nini?"

Walipanda, baba mbele. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanasema, lakini Jovita aliuona ule mzigo ukimlemea baba yake kila hatua, na alijua si soksi zinazolemea. Waliacha misonobari mizima, wakaingia palipoungua. Magogo meusi yalikuwa bado yamesimama, mengi yasiyo na idadi, na katikati yake imeota miti myembamba yenye gome jeupe, imejaa mteremko mzima, majani mapya yakitetemeka ingawa upepo ulikuwa mdogo. Jovita alikuwa amezoea kuuona mlima huu kwa mbali kama kovu. Hakujua kwamba ndani yake mna mwanga namna hii. Alijikuta ananyata, kama mtu aliyeingia kanisani amechelewa.

Eloy alisimama penye sehemu bapa isiyozidi ukubwa wa chumba cha jikoni kwao.

"Ni hapa," alisema.

Alivua kofia, akafuta jasho. "Tulikuwa tunashuka mstari mmoja. Mimi mkia. Upepo ukageuka, moto ukatukatia njia kwa chini. Casimiro akapiga kelele, mahema! Tukalala hapa, wote. Nyuso chini." Alipiga goti, akagusa udongo kwa kiganja. "Unajua sauti yake? Wewe uliisikia kutoka kanisani. Mimi ilinipita juu ya mgongo. Hema lina vitundu vidogo vidogo, hata jipya. Nilipofumbua macho nikaviona vinawaka vyekundu, vingi, kama nyota. Mwanangu, nitasema ukweli. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Na bado nilisema, Mungu wangu, uzuri gani huu."

Miaka yote Jovita alidhani ni yeye peke yake, juu ya ukuta wa kanisa, aliyeona uzuri mahali ambapo haupaswi kuonekana, na alikuwa akiuonea haya.

"Nilichimba kashimo kwa vidole nikatia mdomo. Hewa ya kuvuta ilikuwa mle tu, udongoni. Moto ulipopita, nikaita kutoka ndani ya hema: 'Mkia upo!' Ili wajue. Wakaitika mmoja mmoja. Melki hakuitika." Akafumbata udongo. "Nikaita tena. Niliita mpaka sauti ikakauka."

"Hakulifungua hema?"

"Lilikuwa ndani ya begi, chini ya koti. Alilihamishia huko apate nafasi ya sandwichi zake kwenye kimfuko. Hakuwahi kulifikia." Alitazama viganja vyake. "Begi la Melki nililimwaga mimi, Jovita. Mezani kwa mama yake, tulicheka siku ile mpaka mbwa wakabweka. Nikalifunga mwenyewe, hema mahali pake. Na bado. Nikasema, basi, mikono hii haitafunga begi la mtu tena."

Jovita alipiga goti kando yake. Jambo moja tu lilimjia: alilala kifudifudi juu ya ile ardhi, akachimba kwa vidole, akatia mdomo kwenye shimo. Akavuta pumzi. Udongo ulikuwa baridi, una harufu ya mvua ya zamani na majani. Alivuta tena. Hii ndiyo hewa iliyomrudishia baba.

Alipoinuka, uso umejaa udongo na shati lake jipya la njano limechafuka kifuani, Eloy alimtazama kifuani.

"Angalau sasa hutawatia watu aibu kwa shati hilo," alisema.

Alivua begi, akamvisha, akakaza mikanda mmoja baada ya mwingine, akagusa kimfuko cha chini kuhakikisha. Akakigusa tena.

"Tangulia," alisema.

Jovita alishika njia. Miti myeupe ilimpokea pande zote mbili, na chini kabisa aliona kijiji, kanisa, moshi wa jiko la mama yake. Buti hazikumbana tena. Alitembea kwa mwendo sawa, akisikiliza. Kwanza alisikia majani tu. Kisha nyuma yake, mbali kidogo, mtu akasafisha koo.

"Mkia upo!"

Sauti ilikuwa imekwaruza, imekaa sana bila kutumika, lakini iliujaza mteremko. Jovita aliumwa na shingo kwa hamu ya kugeuka amwone baba yake akishuka mlima ule.

"Nimesikia!" aliitika kwa nguvu zake zote, na hakugeuka, akasonga mbele.