Safari Tuliyoipanga kwa Mikono

Kiwandani kwetu hakuna anayesikia kitu. Mitambo ya kufuma vitambaa ikishawashwa asubuhi, unaweza kumtukana msimamizi uso kwa uso na akakujibu kwa tabasamu. Ndiyo maana tunazungumza kwa mikono na midomo. Si ile lugha ya ishara inayofundishwa shuleni. Hii ni yetu, tuliikuta kwa waliotutangulia, na kila mwaka inaongezeka maneno, mengi yakiwa ya umbea. Kidole gumba begani ni msimamizi. Kusugua kidevu ni chai. Ngumi mbili zikigongana ni watu waliogombana nyumbani, na omba Mungu wasiwe wewe na wako.

Mume wangu ni fundi wa mitambo hiyo. Hata kuniposa aliniposa kwa mikono, mimi nikiwa kwenye mtambo wangu na yeye ameshika spana upande wa pili wa ukumbi. Alijionyesha mwenyewe, akanionyesha mimi, kisha akazungusha kidole kwenye kidole cha pete. Ukumbi mzima ulisoma kabla sijajibu. Wanawake wakapiga vigelegele ambavyo hakuna aliyevisikia, tuliona ndimi tu. Nikaitikia kwa kichwa na kuendelea kuunga uzi uliokatika, maana mtambo haukungoji uolewe kwanza.

Tangu siku hiyo hatukuwahi kusafiri pamoja, ukiondoa misiba. Kwa hiyo jioni aliyoniambia kwamba kiwanda kitafungwa kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu kwa usafi wa mitambo, na kwamba anataka twende ule mji wa muziki, nilimuuliza nani amekufa. Alicheka. Akasema hakuna aliyekufa, anataka tu nifurahi.

Mji ule kila mtu anaujua hata kama hajaukanyaga. Bendi zinapiga bustanini, hotelini, hata vibarazani, tena kuanzia mchana. Mimi niliujua kwa redio. Napenda tarumbeta kuliko kitu chochote kinachotoa sauti, na redio yetu ina spika iliyopasuka, kwa hiyo miaka yote hiyo nimesikiliza tarumbeta zenye mafua. Nilitaka kusikia moja iliyo nzima, iko mbele yangu, na huyu bwana kando yangu. Hilo tu. Sikuwa na ndoto nyingine kubwa, na sioni aibu kusema.

Tukaanza kupanga. Kila jioni tulikaa mezani jikoni, vichwa vimegusana juu ya simu yake, tukitazama picha za vyumba. Kimoja nilikikataa kwa sababu ya pazia, si kazi ya watu wanaojua kitambaa. Tukakubaliana: Ijumaa jioni bustanini, Jumamosi mchana kwenye bendi ya wazee, halafu usiku ukumbi mkubwa, viti vya mbele kabisa. Wifi yangu, dada yake tunayekaa naye nyumba moja, alituazima sanduku lake lenye gurudumu linalolalamika. Akaniambia nisimchezeshe sana kaka yake, ana magoti ya urithi.

Mchana tuliendelea kazini. Akipita na spana yake alijaza mashavu hewa, hiyo ni tarumbeta. Au alijikumbatia na kutetemeka: usisahau sweta. Watu wakasoma, na wakisoma wanachangia. Mtambo kwa mtambo walinichagulia gauni. Mzee wa stoo alinionya kwa vidole niangalie mkoba wangu kwenye umati. Nilijisikia bibi harusi, mimi na mvi zangu.

Wiki ya safari, dada mmoja wa ukaguzi aliugua na mimi nikapandishwa juu kushika nafasi yake. Chumba cha ukaguzi kina dirisha refu la kioo linalotazama ukumbi wote. Ukiwa chini huoni aliye ndani, taa za ukumbini zinakigeuza kioo kuwa kioo cha kujitazamia. Mume wangu alikuwa nyuma ya ukumbi tangu asubuhi, hakujua kama nimepanda.

Nilikuwa nimeinamia kitambaa nikitafuta nyuzi zilizoruka. Nilipoinua macho kuyapumzisha, nikamwona. Amesimama chini ya dirisha na rafiki yake, fundi mwenzake tunayemwita Kigogo. Kigogo alinipa mgongo. Mume wangu alikuwa ananitazama usoni kabisa, bila kuniona.

Mikono yake ilikuwa inasema. Alijaza mashavu: tarumbeta. Nikatabasamu, nikajua anasimulia safari yetu. Kisha akajifanya anavuta pete, ingawa hakuivaa siku hiyo, akaivua kidoleni polepole, akaiweka hewani kama mtu anayeweka kitu mezani. Kigogo akauliza jambo. Mume wangu akainua kidole kimoja, kisha kingine kando yake, akakikunja kile cha kwanza. Kwetu hiyo haina tafsiri mbili: nimepata mwingine. Halafu akanitaja. Jina langu la kiwandani ni kugusa dimpo. Akagusa shavu lake, akatikisa kichwa, hajui. Akaonyesha muziki, akaonyesha nikicheka. Akashika usukani wa basi na kugeuza kidole nyuma, kurudi. Mwisho akagusa midomo yake.

Yaani: acha afurahi kwanza. Nitamwambia kwenye basi la kurudi.

Nilipitisha kitambaa chote kilichobaki bila kukiona. Sijui ni nyuzi ngapi mbovu zilikwenda sokoni kwa sababu yangu.

Nilijiambia labda nimesoma vibaya. Mtu akiumia hujidanganya na chochote kilicho karibu. Lakini mikono ya mtu yule nimeisoma kuliko nilivyosoma kitabu chochote, najua hata akipiga chafya katikati ya neno. Jioni nikapika, tukala, tukakaa mezani na simu yetu. Nikamuuliza, kama mtu anayewaza tu, basi la kurudi tukae upande gani.

Aliilaza simu kifudifudi mezani. Kisha akasema, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, "Kaa wewe dirishani. Utapenda kuwa dirishani."

Nikaenda bafuni nikafungua bomba na kulia. Kilichoniuma si mwanamke huyo mwingine peke yake. Ni ile huruma yake. Kwamba alikaa akapanga, akanichagulia viti vya mbele, akanikumbusha sweta, kama mtu anayemlisha vizuri kuku wa sikukuu. Na mimi kila jioni nilikuwa nampenda zaidi kwa ajili hiyo. Upendo ule ningeurudisha wapi?

Wifi alinikuta. Yeye na mimi hatufichani, nikamwambia. Alikaa kwenye ukingo wa ndoo, akafunga bomba nililoliacha wazi. Mwishowe akanifuta uso kwa kanga yake, akasema yule ni kaka yake wa tumbo moja lakini mjinga hana ukoo.

Alhamisi mitambo ilizimwa mapema. Ulikuwa ukimya ambao hatuujui, masikio yanauma. Wanawake walikwenda mlangoni kuvua aproni, wakinipungia na kujaza mashavu, nicheze kwa niaba yao pia. Mume wangu alibaki akifunga kisanduku cha spana. Nikamwendea. Aliponiona alijikumbatia na kutetemeka, kwa mazoea tu: umeweka sweta?

"Nimeweka," nikasema. "Lakini kesho naenda na dada yako. Yeye hana la kuniambia kwenye basi la kurudi."

Alisimama tuli. Kisha akageuka polepole, akatazama juu. Taa za ukumbi zilikuwa zimezimwa, ya chumba cha ukaguzi bado inawaka, na kutoka chini kioo cha ukaguzi kilionekana wazi, na meza, na kiti nilichokalia, na aproni yangu imening'inia. Aliitazama aproni ile kwa muda mrefu.

Alipogeuka kwangu mikono yake ilikuwa imeshaanza. Kiganja kikasugua kifua, samahani. Kisha kikasugua tena. Kisha kikaelekea kwenye kidole cha pete, kikaishia njiani.

"Mitambo imezimwa," nikamwambia. "Sema kwa mdomo. Nasikia."

Alifungua mdomo. Niliona ulimi wake unatafuta pa kuanzia. Mtu huyu aliyenichumbia mbele ya ukumbi mzima hakupata neno moja la kuniambia katika ukimya, na mikono yake, maskini, ikaanza upya kwenye kifua. Nilikuwa nimejiandaa kumtolea uvivu. Nilikuwa na maneno ya wiki nzima, makali, nimeyanoa bafuni. Yote yalipotea.

"Nilitaka kwenda na wewe," nikasema.

Nilidhani nimenong'ona. Sisi wa kiwandani hatujui kunong'ona. Sauti yangu ilikwenda hadi ukutani na kurudi, na kule mlangoni wanawake waliacha kuvua aproni zao, wakasimama wakitutazama, mikono yao yote imetulia.