Nipe Mji

Usingizi unanichukua adhuhuri ndani ya hema la kazi, kichwa juu ya ripoti niliyoitia sahihi jana, na papo hapo kamba yangu ya vipimo inakuwa njia, na njia haina mwisho. Nasukuma kigari cha rada, kile kinachopeleka mawimbi ardhini na kungoja yarudi na habari, napita, nageuka, napita tena, na chini ya nyayo zangu naona mji mzima umepinduka, milango, visima, makaburi, vyote vikinitazama kama sura majini. Mbona jana sikuuona? Jana mvua ilikuwa imenyesha, na udongo uliolowa humeza mawimbi, hilo nalijua tangu chuoni, nami nikaandika Hakuna kitu badala ya kuandika Sikuona kitu, kwa sababu mkandarasi anayetaka kupitisha barabara alisimama nyuma yangu akitazama saa, na mimi nilikuwa na njaa. Njaa tu! Bi Mwanatumu, ambaye wazee wake wamezikwa pale ninapopima tangu mji ungali na watu, aliniambia, Mwanangu, ngoja pakauke. Nikamwitikia kwa adabu zote, nisingoje.

Mbele yangu amesimama mtu asiye na uso, kanzu yake imejaa tope. Namwuliza njia ya kurudi. Kitendawili, anasema. Tega, namjibu. Nimebisha hodi mtaa mzima, kimya, nikatangaza hauna watu. Nahangaika, nazunguka, njia nayo inazunguka nami. Jibu nalijua, ni mimi, lakini ulimi hautaki. Umeshindwa, anasema, nipe mji. Nampa Tanga, hataki. Nampa Mombasa, hataki pia, kama tulivyokuwa tukiringiana utotoni. Basi chukua huu ulio chini yetu. Anacheka bila mdomo. Huo utanipaje, bwana, na jana umekwisha kumpa mwingine?

Napiga magoti nachimba kwa kucha, nasema nisamehe, na sauti inayonijibu ni ya Bi Mwanatumu. Mimi nitakusamehe, mwanangu, lakini mimi si mwenye nyumba. Kawaombe wenyewe.

Naamka, jasho linanitoka. Nje katapila linanguruma. Natoka mbio na mikono juu, napiga kelele, Simama, simama, moshi wake umetanda sioni mbele, na sijui kama nimeamka kabla halijayafikia makaburi au baada.