Tembe la Ukutani

Jumatatu asubuhi, kabla jua halijakolea, Obedi alikuwa ameshapaka mlango na nusu ya paa. Alichuchumaa chini ya ukuta wa ofisi ya serikali, brashi mkononi, akipaka kama anayepaka ng'ombe dawa ya kupe.

"Mzee, huo ni ukuta," alisema Sidonia, aliyekuwa akichora jiko lake pembeni. "Kupe hauna."

"Wewe chora masufuria yako."

Wachoraji wote waliwahi kulala kwenye vibaraza vya maduka ya nafaka kule Majengo, na wengine bado walilala huko. Erica, binti wa kituo cha sanaa cha mtaa wa Kikuyu aliyewagawia rangi, aliwaambia kila mtu achore nyumba yake. Obedi akachora tembe lake kama lilivyokuwa siku lilipobomolewa kupisha barabara: paa bapa la udongo, kidirisha cha kupitisha mkono, mlango mfupi wa mbao, na kufuli. Siku ile alilifunga, akaja mjini kuwaomba wakubwa wavute subira, maana alidhani serikali haiwezi kuvunja nyumba iliyofungwa. Aliporudi alikuta kifusi, na mkewe Zipora kakaa juu ya kinu. Zipora alifia kibarazani Majengo kabla mvua hazijakatika. Daktari alisema ni kifua. Obedi alisema ni wakubwa wenye viti.

Ufunguo bado aliuvaa shingoni.

Alipomaliza kupaka kufuli, moshi ulianza kutoka paani. Sidonia alikohoa, akasogeza makopo yake.

"Zipora huyo," alisema. "Anasonga."

Sauti ya Zipora ilitoka kidirishani. "Mzee wangu, mbona umefunga kwa nje tena?"

"Nilidhani wataogopa."

"Haya, fungua basi. Ugali unapoa."

Ufunguo uliingia bila kukwama. Kabla hajauzungusha, Erica alimshika mkono.

"Shikamoo mzee wangu. Naomba usubiri kidogo. Anayefungua ni mgeni rasmi."

Obedi alikuwa amewasubiri wakubwa tangu ujana wake. Akautoa ufunguo, akampa.

"Umempa nani?" Zipora aliuliza.

Mgeni rasmi alitarajiwa saa nne, akafika saa nane. Aliletewa ufunguo kwenye sinia lenye kitambaa. Alifungua mlango, akainama, akaingia na wapambe wake, na waliobaki juani wakapiga makofi. Walikaa sana mle ndani. Walipotoka walikuwa wakijifuta midomo, na mgeni rasmi alikuwa na mlenda kwenye tai. Alisifu ubaridi wa ndani, akasema sanaa ya wananchi lazima itunzwe, na kwa kuwa ukuta ni wa ofisi, tembe nalo ni la ofisi. Akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni mwa koti.

"Mheshimiwa," alisema Obedi, "mke wangu yumo humo."

"Tumemwona, mzee. Mama mkarimu sana."

Makofi tena.

Siku hizi wakubwa hupumzika mle mchana, jua linapochoma, na Zipora huwasongea. Sidonia alipaka jiko lake rangi nyeupe lote, likapotea. Alisema hana nguvu za kupikia watu asiowajua.

Jioni, ofisi ikishafungwa, Obedi hukaa chini ya kidirisha. Mkono wa Zipora hutoka na ukoko wa ugali.

"Wamebakiza huu tu," husema.

"Unatosha."

Ibrahimu, mgambo wa getini, humwacha amalize kutafuna. Kisha hukohoa kidogo, kwa adabu, maana mbele ya ofisi hapalaliwi.

"Una pa kulala lakini?" Zipora huuliza.

"Ninapo," Obedi husema. Huchukua blanketi lake, akashika njia ya Majengo.